Hong Kong mpiga zeze ana mshahara, Zanzibar je?

Ukitaka kujua nchi inauthamini vipi muziki wake wa asili, uliza mpigaji analipwa na nani. Hapa Hong Kong ninapoishi, wapigaji wa Hong Kong Chinese Orchestra, iliyoanzishwa 1977, ni waajiriwa. Ni zaidi ya 80, kazi yao ni ala tu, na sehemu kubwa ya fedha inatoka serikalini.

Nimewasikiliza pale City Hall. Kwanza sheng, ala ya kupuliza yenye mianzi iliyosimama pamoja, ilitoa sauti moja na wengine wakalinganisha ala zao nayo. Halafu erhu zikaanza. Erhu ni jamaa wa zeze letu; ina nyuzi mbili, ila upinde wake hautoki: manyoya yamepitishwa katikati ya nyuzi hizo. Zikilia kwa pamoja, safu nzima, mwili unasisimka. Nyuma yake pipa, ala ya Kichina ya nyuzi inayopigwa kwa vidole, na yangqin, ala ya nyuzi nyingi inayogongwa kwa vijiti vya mwanzi, nikaikumbuka kanuni, ile ala yetu ya taarabu yenye nyuzi nyingi.

Erhu huwambwa ngozi ya chatu. Okestra hii ina watafiti wake wa ala, wakabuni zinazowambwa utando wa plastiki, mpaka ala za besi wakajitengenezea. Kwetu uzi wa kanuni ukikatika, tunamngoja msafiri atuletee mwingine.

Wapo watakaosema Wachina wana historia ya maelfu ya miaka. Baadhi ya ala, ndiyo. Lakini okestra kubwa ya namna hii ni jambo la karne ya 20, walipozikusanya ala hizo na kuzipanga kwa mfano wa Ulaya. Ikhwani Safaa yetu, klabu ya taarabu ya Zanzibar, ipo tangu 1905!

Sisemi kila cha huku ni bora. Ukumbini watu wameketi kimya mpaka kipande kiishe. Hakuna mama anayeinuka kwa madaha, noti mkononi, kwenda kumtunza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa. Na muziki wenyewe mwingi hauna maneno, nami mtu wa taarabu nayatafuta maneno. Hayo ya kwetu siyabadilishi kwa ukumbi wowote.

Lakini kutunzwa si mshahara. Mpiga fidla wetu mchana ni mwalimu au fundi, usiku ndiyo yuko klabuni. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe 2002 na kinachofundisha vijana udi na kanuni, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa kukosa fedha za wafadhili. Na huku watalii wanamiminika kisiwani, wanapigiwa taarabu hotelini, na kodi zao zinakusanywa. Kwa nini sehemu ya kodi hiyo isiwalipe wapigaji ishirini wa kudumu, na fundi mmoja wa kutengeneza kanuni hapo hapo Unguja? Wizara inayosimamia utamaduni ianze na hao, maadamu wazee wanaozijua nyimbo za zamani bado wapo wa kuwafundisha.