Kusahau kwa Shosho Kuna Mahali Kunapoanzia

Hapa Nairobi mzee akianza kusahau majina ya wajukuu, jibu huwa tayari: ni uzee tu. Nalikataa jibu hilo. Ugonjwa wa Alzheimer una mahali unapoanzia, una njia unayopita, na una mwendo wake.

Mwaka 1991, Heiko na Eva Braak wa Ujerumani waliueleza mwendo huo katika ngazi sita baada ya kuchunguza bongo za marehemu. Protini iitwayo tau huanza kurundikana katika sehemu ndogo jirani na hipokampasi, panaposhughulikiwa kumbukumbu mpya, kisha hupanda hadi kwenye gamba la ubongo. Sehemu zinazoamuru misuli hufikiwa mwisho. Ndiyo maana shosho anaweza kuuliza swali lile lile asubuhi nzima, huku vidole vyake vikisuka kiondo bila kukosea.

Protini iliyojikunja vibaya huishika nyingine iliyo nzima na kuilazimisha ijikunje vivyo hivyo. Zikishikana huwa uzi, na uzi ukikatika, kila kipande huendelea kurefuka. Mwaka 2011 watafiti, akiwemo Tuomas Knowles wa Cambridge, walitia insulini, ambayo nayo ni protini, ndani ya matone madogo mno, wakaona mgando ukianza sehemu moja na kusonga hadi ukajaza tone zima. Ndani ya ubongo njia haiko wazi hivyo. Ushahidi mwingi unaonyesha kwamba vipande hufuata miunganiko ya neva, kama matatu zetu: mtaa unaopakana na wako unaweza kuwa mbali, kwa sababu lazima upitie mjini kwanza.

Anayeng'ang'ania kuwa ni uzee, namuomba atafakari jambo hili. Wagonjwa kadhaa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili na ambao nao una protini yake inayojikunja vibaya, walipandikizwa seli changa za ubongo, zilizotolewa kwa vijusi. Walipofariki, zaidi ya miaka kumi baadaye, baadhi ya seli hizo zilikutwa na mabonge ya protini ya ugonjwa ule ule. Taarifa zilitolewa mwaka 2008. Seli zile hazikuwa na uzee wa kusingiziwa. Yaelekea ziliambukizwa na seli jirani.

Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanzia ngazi ya tatu ya akina Braak, kinachoamua kasi ni tau kuzaliana papo hapo ilipo, ikiongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano hivi. Safari ya kutoka sehemu moja hadi nyingine inakuwa imeshakwisha. Kwangu maana yake ni kwamba dawa ya kufunga njia itakuwa imechelewa, na sisi tunachelewa zaidi, maana tunangoja hadi baba apotee akirudi nyumbani Kangemi.

Kwa hiyo, mama akisema kwenye kliniki ya mtaani kwamba anasahau, asiambiwe, "Mama, ni umri." Apimwe kumbukumbu siku hiyo hiyo. Apimwe pia vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hayo nayo huleta kusahau, na yana matibabu leo.