Dawa ya glioblastoma imelinganishwa na nini?

Nikisoma habari za dawa mpya ya glioblastoma, saratani kali ya ubongo, iliyoongeza maisha, kwanza natafuta kundi la kulinganisha. Mara nyingi halipo. Wagonjwa wachache wamepewa dawa, miezi waliyoishi imehesabiwa, kisha ikapimwa kwa takwimu za jaribio la zamani. Familia zinauza mali kwa tumaini la namna hiyo. Inanikasirisha sana.

Takwimu hizo kwa kawaida hutoka kwenye jaribio lililochapishwa 2005: wagonjwa 573, wote wakipata mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa wiki sita. Waliochaguliwa kwa kura walimeza pia temozolomaidi, dawa ya saratani, kila siku, miligramu 75 kwa mita ya mraba ya mwili, kisha mizunguko sita ya miligramu 150 hadi 200, siku tano katika kila siku 28. Nusu yao waliishi zaidi ya miezi 14.6; kwa waliopata mionzi pekee ilikuwa 12.1. Tofauti hiyo ninaiamini kwa sababu kura ndiyo iliyowagawa.

Bila kura, mtafiti anaweza kupata vijana wanaotembea wenyewe, waliotolewa karibu uvimbe wote, na ambao MGMT, jeni inayosaidia uvimbe kujikinga na temozolomaidi, imezimwa. Katika jaribio hilohilo, wenye jeni iliyozimwa waliotumia temozolomaidi walifika miezi 21.7. Kundi dogo likijaa watu hao, hata dawa isiyofaa itasifiwa.

Picha ya ubongo ya MRI nayo hudanganya. Katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi, uvimbe huweza kuonekana umekua, kumbe ni athari ya mionzi yenyewe. Mgonjwa huyo akiingizwa kwenye jaribio la saratani iliyorudi, picha itapungua yenyewe na dawa itapewa sifa. Dawa ya bevacizumabu nayo hubana mishipa ya damu inayovuja kwenye uvimbe, picha ikapendeza. Marekani iliiidhinisha kwa haraka 2009 kwa matokeo ya picha. Majaribio mawili makubwa ya 2014 hayakuonyesha kwamba inarefusha maisha.

Nakubali, ugonjwa ni adimu na kuacha kura iamue tiba ya mgonjwa ni kazi ngumu. Lakini wasiopata dawa mpya hawaachwi bila tiba: saratani ikirudi, hupewa lomustini, dawa ya saratani ya siku nyingi. Na wazee zaidi ya miaka 70, waliokosa nafasi katika jaribio la 2005, waingizwe.

Ukiombwa kujiunga, uliza: asiyepata dawa hii atapewa nini, na MGMT itapimwa kabla ya kura?