Jeshi Lenye Kazi Ndilo Linalomalizika

Mwaka 1830, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye William Siborne alipewa kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa uwanja wa mapigano wa Waterloo, alikoshindwa Napoleon. Alikwenda Ubelgiji akakaa miezi kadhaa akipima mashamba na miinuko, kisha akawaandikia barua maofisa waliopigana pale mwaka 1815. Aliwauliza vikosi vyao vilikuwa wapi ilipokaribia saa moja jioni, adui wa mbele yao alijipangaje, hata shamba walimosimama lilikuwa na zao gani. Kazi ikiwa njiani, serikali ikakata fedha. Yeye akaendelea kwa gharama yake. Mwaka 1838 mfano huo ulionyeshwa London ukiwa na vijisanamu zaidi ya 70,000, kila kimoja kimo cha sentimita moja hivi. Mpaka leo unatazamwa katika makumbusho ya National Army Museum, Chelsea.

Sisi tunaopaka rangi majeshi ya michezo ya vita ya mezani hatufiki hata karibu na hapo. Mia mbili, mia tatu, mwenye moyo mkubwa mia tano. Hata hivyo wengi tunakwama. Kikosi cha kwanza hupakwa kwa shangwe, cha pili kwa mazoea, cha tatu kinabaki na rangi ya msingi tu kikipigwa na vumbi juu ya kabati. Ushauri unaotolewa siku zote ni wa nidhamu: keti kila siku, hata kwa robo saa, mkono utazoea. Ni ushauri mzuri, nami naufuata. Lakini nidhamu haijibu swali linalomjia mtu aliyemshika askari wa tisini na sita, mwenye mkanda uleule na viatu vilevile kama wa tisini na tano: huyu ni wa nini? Siborne alikuwa na jibu. Alijua kila kundi la vijisanamu vyake lilisimama wapi, saa ngapi, likimkabili nani. Naamini hilo ndilo lililombeba miaka yote ile, na ndilo linaloweza kutubeba sisi. Ari ya kupaka jeshi kubwa hutoka kwenye meza ya mchezo.

Nichukue jeshi ninalolipaka mwenyewe, la mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kikosi kutoka India, watu wapatao 8,000, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Upande wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Ukiamua kwamba kijisanamu kimoja kinasimama badala ya wanajeshi 20, unahitaji vijisanamu 400 upande mmoja na 50 upande wa pili. Mia nne na hamsini, na karibu wote wamevaa kaki! Anayeviagiza vyote kwa mkupuo na kuvipanga mbele yake atachoka kabla hajafungua kopo la kwanza.

Sasa angalia mapigano yenyewe yalivyokwenda. Meli zilifika tarehe 2. Usiku ule vikashushwa vikosi vya kwanza, na alfajiri ya tarehe 3 bataliani ya 13 ya Rajputs pamoja na sehemu ya Pioneers wa 61, wote wa jeshi la India, wakasonga kuelekea mjini. Walikutana na askari wachache waliokuwa tayari wanalinda mji, wakisaidiwa na wenzao waliokuwa wakiletwa kwa treni, wakarudishwa nyuma. Shambulio kubwa lilikuja tarehe 4, waliobaki walipokwisha kushuka melini. Yaani historia imekupangia kazi! Asubuhi ya tarehe 3 haihitaji watu mia nne. Inahitaji bataliani moja na nusu upande huu, kombania moja au mbili upande ule, njia ya reli na miti ya shamba la mpira. Hesabu ile ile ya mmoja kwa 20 inakupa vijisanamu sabini hivi. Ukivimaliza, unamwita mwenzako na mnacheza. Wakati huo jeshi lako bado liko mbali na kukamilika, lakini tayari limepigana.

Baada ya hapo kila kikosi kinachokuja kinakuja na sababu yake. Loyal North Lancashire, kikosi cha Waingereza, na Kashmir Rifles, wanajeshi wa Kashmir, ndio walioingia mjini na kufika hadi jengo la forodha, kwa hiyo ukiwapaka unajua unawapaka kwa ajili ya mapigano ya nyumba kwa nyumba. Grenadiers wa 101, bataliani nyingine ya India, walikuwa ubavuni, wakapigwa vibaya na shambulio la kujibu. Ninapowapaka hao siwezi kuharakisha uso hata mmoja. Huu ndio utaratibu ninaoutetea: paka kwa mpangilio wa kuingia vitani, cheza kila hatua, ongeza kikosi kila mchezo.

Anayepaka majeshi ya kubuni naye ana njia hiyohiyo. Kundi la Orks, viumbe wa kubuni katika mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000, linaweza kumla mtu mwaka mzima, lakini mchezo huo una aina fupi iitwayo Combat Patrol ambayo kila upande unatumia boksi moja tu. Anza hapo. Tena kuna kanuni iliyoingia mwaka 2020 inayompa mchezaji pointi 10 kati ya 100 kama jeshi lake lote limepakwa kwa kiwango cha chini kinachotakiwa. Wako wanaoichukia. Mimi naiona ina faida, ila inamsukuma mtu kwa hofu ya kupoteza, na hofu hiyo haiwezi kumfikisha kwenye askari wa mia mbili.

Kuhusu brashi yenyewe, nina msimamo mmoja ambao sirudi nyuma: jeshi lipakwe kwa umbali litakaloonekana. Mezani mtu anasimama karibu mita moja kutoka kwa vikosi. Kwa umbali huo jicho linashika uso, kofia, silaha na kitako, yaani kibao anachosimamia askari. Vifungo vya shati halivioni. Basi muda uende kwenye vile vinne. Viatu, mikoba ya risasi na mikanda vipate rangi moja safi na kivuli cha rangi nyembamba inayojaza mikunjo, kisha tuendelee. Anayempa kila askari wa kawaida saa zilezile anazompa kamanda anajitengenezea jeshi ambalo halitamalizika, na tena kamanda wake hataonekana, kwa sababu kila mtu amekuwa kamanda.

Kwenye nyuso ndipo ninapokaa. Askari wa Lettow-Vorbeck walitoka kwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, na wale wa mwanzo kabisa walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri mwaka 1889. Mafunzo mengi ya kupaka ngozi yanaanza na ngozi ya Mzungu, na mtu mweusi anapewa kopo moja la kahawia na mstari wa kijivu mashavuni. Hapana. Anza na kahawia nzito iliyokaribia weusi, kisha inyanyue kwa kahawia yenye wekundu, na mahali mwanga unapopiga, yaani paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, ongeza rangi ya chungwa kidogo au mchanga. Usitie nyeupe tupu. Nyeupe ndiyo inayoleta ule ukungu wa majivu. Na usipake wote kwa mchanganyiko mmoja. Badili kidogo kila baada ya nyuso tatu au nne, kwa sababu kombania moja ilikuwa na watu wa makabila na rika mbalimbali. Ni kazi ya dakika chache tu kwa kila uso, lakini ukimaliza, mtu anakutazama. Hakuna kinachonirudisha kwenye meza ya rangi kesho yake kama nyuso zilizokamilika leo, ndiyo maana nazipaka kwanza, kabla ya sare, ingawa wengi wanashauri kinyume.

Kaki nayo inataka maarifa hayohayo. Kaki moja kwa watu mia nne inalaza jicho. Tia tone la kijani kwenye mchanganyiko wa kikosi hiki, tone la mchanga kwenye kile. Sare halisi zilipauka kwa jua na kufuliwa, hazikulingana. Nami katika kuchanganya upya kila kikosi napata kitu kipya cha kufikiria, na hicho ni chakula cha ari.

Mbele yangu siweki zaidi ya vijisanamu kumi. Wanaopanga sitini kwa wakati mmoja na kupaka mikanda yote, halafu viatu vyote, husifu kasi yake, na kasi ipo kweli. Ila ni wiki nzima bila kukamilisha hata mtu mmoja, na ubongo wa binadamu unahitaji kuona kitu kimekwisha. Kumi wanakwisha, pamoja na vitako vyao, mchanga na nyasi zikiwa zimeshikana. Wanakwenda kwenye rafu ya waliokwisha, wanakaa mahali nitakapowaona. Hizi rangi nyepesi ambazo kwa mpako mmoja huacha rangi na kivuli, zile Games Workshop, watengenezaji wa Warhammer, walizotoa mwaka 2019 kwa jina la Contrast na nyingine za makampuni mengine zilizofuata, zimerahisisha sana hatua hii. Nazitumia kwa nguo na ngozi za mikanda bila kuona haya.

Kwa walioko pwani, neno la haraka: hewa ya unyevunyevu huifanya vanishi ya kupuliza igande kama ukungu mweupe, na hakuna kinachovunja moyo kama kuona kikosi kilichokamilika kikipauka chote mbele yako. Masika tumia vanishi ya brashi. Na kwa joto la mchana, sponji iliyoloweshwa ndani ya kontena la chakula, juu yake karatasi ya kuokea, itaweka rangi mbichi kwa saa nyingi.

Maboksi ambayo hayajafunguliwa yasikusumbue. Watu wanajilaumu kwa ajili yake kana kwamba ni deni, na lawama hiyo inawaondolea raha hata ya wale kumi walioko mezani. Boksi lisilo na mchezo uliopangwa lina haki ya kusubiri. Likipata mchezo, litapata brashi.

Mimi sasa niko kwa Kashmir Rifles. Mchezo wa tarehe 4 tumeshaupangia siku, na mwenzangu ambaye atakuwa na askari wa mji ameleta swali moja zito: siku ile nyuki waliosumbuliwa na risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili, sasa mezani tuwape kanuni gani?