Kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu

Hupita karibu kila wiki mtaani kwetu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, akisukuma baisikeli iliyobebeshwa magunia mawili, mizani ya kuning'iniza ikigongana na usukani. "Vyuma! Betri! Sufuria mbovu!" Ukimsikia unakumbuka kila kilichojaa kutu stoo. Miaka sita iliyopita nami nilimwita. Tulikuwa tumemaliza matanga ya baba, na mimi nilikuwa na ile hamu ya kufagia inayomjia mtu akiwa na huzuni. Nikampa majembe yaliyolika, kitanda cha chuma, bawaba, mabati. Katikati ya rundo hilo ilikuwamo taa ya mkono ya baba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Tororo ni njia panda ya reli: tawi moja linakwenda Jinja na Kampala, jingine linapanda Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Alianza kazi enzi reli ikiwa moja kwa Afrika Mashariki nzima, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Kwa miaka mingi alisimama usiku na taa ile, kioo chekundu na kioo cha kijani, akizuia treni za mizigo na kuziruhusu. Mizani ya yule kijana ilisema kilo moja na ushei. Nikalipwa pesa ya sukari. Yaelekea iliyeyushwa na vyuma vingine kwenye viwanda vya nondo, na leo imo ndani ya zege la nyumba ya mtu nisiyemjua.

Sikuipata tena. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuokoa vitu, na pa kuviweka nimepaona bustanini, katikati ya maua.

Kiswahili kina neno moja, ua, kwa ua linalochanua na kwa ua unaozunguka nyumba. Mimi naona neno hilo limetufanyia nusu ya kazi. Fikiria vitu vya zamani vilikaa wapi: kinu kilikaa uani, jiwe la kusagia uani, birika na sigiri uani, baisikeli ilisimamishwa uani. Ukichukua kinu kilichopasuka ukakipandia maua karibu na mlango wa jikoni, hujakihamisha. Kimebaki pale pale, na maua yamekifuata. Ndiyo sababu kinapendeza kuliko chombo chochote cha dukani.

Nasema hivi kwa sababu naona tunakoelekea. Simu zetu zimejaa picha za bustani za Uingereza na Marekani: toroli la mbao lenye maua, madirisha makuukuu yaliyoegemezwa ukutani, vikombe vya chai vya bibi wa mtu. Ni picha nzuri, nami huziangalia. Ila matokeo yake ni kwamba sasa watu wananunua vitu vipya vilivyopakwa rangi ili vionekane na kutu. Nimeona kopo jipya la kumwagilia maji, limechubuliwa makusudi, likiuzwa Kampala kwa bei ya makopo matatu mazima. Mwenye kulinunua ana nyumbani kwao kijijini birika la enameli lenye michubuko ya kweli, lililochemsha chai ya misiba na harusi kwa miaka thelathini, na anangoja mtu wa mizani apite. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee, na sijui kama waliwahi kuiona bustani ya maua, lakini waliijua tabia hii.

Sina ugomvi na vyungu vya sementi. Nikiwa mtu wa Tororo siwezi. Kiwanda cha sementi kimekuwa hapa tangu miaka ya 1950 na kimelisha nyumba nyingi. Ila vile vyungu vyeupe vyenye vichwa vya simba, viwili viwili kila geti kuanzia hapa hadi Entebbe, havisemi chochote kuhusu wanaoishi ndani.

Jirani yangu mmoja, mama ninayemheshimu sana, aliniambia waziwazi: "Dada, watu watadhani umekosa pesa ya kununua vyungu." Sikulipuuza neno lake. Yeye amekulia katika nyumba ambayo sufuria iliyotoboka ilizibwa na kuendelea kupika, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Kwake kitu kipya ni heshima aliyoitolea jasho, na karai lenye kutu mbele ya nyumba linamrudisha mahali alikotoka kwa shida. Anayeandika kuhusu uzuri wa vitu chakavu bila kulijua hilo hajawahi kuviishi. Nilichomjibu ni kwamba twende akaone. Tofauti ya bustani na jalala huonekana kwa macho. Jalala limerundikwa. Bustani, kila kitu kimeoshwa, kimetobolewa, kimepandiwa, na kimepewa nafasi yake peke yake. Popote uliposimama usione zaidi ya vitu viwili vya zamani. Ukifika vitano umefungua stoo.

Na kila kimoja kipewe kazi. Hiyo ndiyo sheria yangu, nami huishika kwa ukali. Kitu kilichozoea kubeba kibebe, kilichozoea kushika maji kishike udongo, kilichozoea kutegemewa kitegemewe. Baisikeli ya mjomba wangu ni mfano. Wengi hawajui kwamba boda boda zilianza kwa baisikeli, hapa kwetu Busia, mpakani na Kenya, miaka ya 1960, wakibeba watu na mizigo kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Mjomba alifanya kazi hiyo kwenye mpaka wa Malaba, na keria yake bado ina kiti cha sponji alichokishona mwenyewe. Watu hulaza baisikeli kuukuu chini na kuacha majani yaifunike. Mimi naona hilo ni kuizika. Yangu imesimama wima kwenye uzio, na juu ya keria kuna kreti ya mbao yenye maua. Imebeba abiria. Kwenye uzio nimeacha lipande lile ua la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi katikati, linalotambaa lenyewe kwenye vichaka vyetu. Sikulinunua, nililichimba kando ya njia baada ya mvua, na sasa limeshafika kwenye usukani.

Pasi ya makaa, ile yenye jogoo mdogo wa kufungia kifuniko, inafaa mimea ya majani mazito inayohifadhi maji, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na matundu yake ya hewa yanatosha kutoa maji. Iweke kwenye ukingo wa baraza, jogoo akitazama mgeni anakotokea.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni sanduku la bati la shule. Kila aliyesoma bweni nchini Uganda analijua: bluu au jeusi, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko, kufuli pembeni. Tulibeba ndani yake sabuni, daftari, sukari, karanga zilizosagwa, na kila tulichoogopa kuibiwa. Mtoto akimaliza shule linabaki chini ya kitanda miaka kumi na tano. Langu lipo wazi chini ya mwembe, kifuniko kimeegemea shina, herufi za jina zimefifia lakini zinasomeka, na ndani yake maua ya kana, mekundu, zimejaa hadi zinamwagika. Dada zangu wakija husimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote uani.

Sasa mambo ya mikono, maana maua hayaishi kwa kumbukumbu.

Toboa. Chombo kisicho na tundu chini kinaua mmea kwa kuozesha mizizi, na kinafuga mbu. Huku kwetu hili si jambo dogo. Joto hili, mbu hutoka yai hadi kuruka katika muda wa wiki moja hadi mbili, na birika lililosahauliwa chini ya migomba baada ya mvua linatosha kuwalea. Matundu manne au matano yenye unene wa kidole kidogo, kwa nyundo na msumari mnene, chombo kikiwa kimelala juu ya kipande cha mbao. Enameli itabanduka kidogo pembeni ya tundu, iache. Ndani tanguliza vigae au changarawe, halafu udongo uliochanganywa na samadi iliyooza na mchanga kidogo. Kama una jiwe la kusagia lenye shimo na unataka ndege wanywe humo, vizuri, ila limwage na ulisugue kila siku mbili tatu. Ukijijua huna subira hiyo, lijaze udongo.

Bati hupata moto. Januari na Februari, jua la saa nane linaweza kuchemsha mizizi ndani ya sanduku kama iko juu ya jiko. Ndiyo sababu langu liko chini ya mwembe. Penye jua kali, tandika gunia la katani ndani kabla ya udongo, na umwagilie asubuhi na jioni.

Kutu ina uzuri wake, lakini mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hazina huruma. Sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu upande wa ndani usioonekana, na uinue chombo juu ya mawe matatu, kama chungu mekoni, ili kisikae kwenye tope. Mawe hayo hukisaidia chombo cha mbao zaidi, maana mchwa hawahitaji mwaliko. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari. Naomba muache. Inateremka kwenye udongo na kuharibu mnachojaribu kuotesha.

Matairi siyapendi, na si kwa sura yake tu. Yanashika maji kwenye mkunjo wa ndani hata ukiyalaza vipi, na mbu wanayapenda. Ukishikilia, yakate mkunjo wote au uyajaze udongo hadi juu. Chupa za soda na bia zilizofukiwa shingo chini kuzunguka tuta ni jadi yetu nzuri, ila iliyopasuka itoke siku hiyo hiyo. Watoto wanatembea peku. Na betri ya gari isiingie bustanini kabisa, hata kasha lake: ndani mlikuwa na madini ya risasi na asidi.

Jambo moja zaidi kuhusu enameli na rangi za kale. Enameli za zamani, hasa nyekundu na manjano, huweza kuwa na risasi au kadimiamu, madini yenye sumu, na rangi zilizopakwa kwenye vyuma vya zamani nazo vivyo hivyo. Humo panda maua pekee. Mboga na viungo vya chai vitafutie mahali pengine.

Vingine sivigusi. Ngoma ya ukoo haiwekwi nje kunyeshewa. Jiwe la kusagia ambalo bado kuna mama analisagia ulezi lina kazi tayari. Na kitu cha marehemu, waulize ndugu kwanza, hata kama ni kijiko. Mimi sikuuliza kuhusu ile taa, na kaka yangu alikuja kuitafuta wiki mbili baadaye.

Mwaka jana mama alikuja kutoka kijijini kukaa nasi mwezi mmoja. Sikumwambia habari ya kinu. Ni chake, kilipasuka kuanzia mdomoni hadi katikati, na yeye mwenyewe alikuwa ameamuru kipasuliwe kuni. Nilikileta hapa kwa gari la mizigo, nikakifunga waya, nikakiweka juu ya mawe matatu karibu na jikoni na kukipandia maua madogo ya waridi yanayochanua mwaka mzima. Alipokiona alinyamaza. Akapitisha kiganja kwenye mdomo wa kinu, pale mbao ilipolainishwa na mikono yake na ya mama mkwe wake, akafika kwenye ufa na kuugusa.

"Mwanangu," akasema, "humu ndimo tulimotwanga chakula chenu. Mbona umeweka maua matupu?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameinama pale na mbegu za dodo, mchicha wetu, kwenye kona ya leso, anazifukia kwa kidole upande wa jua. Kinu ni mbao tupu, hakina rangi wala enameli, hivyo sikuwa na la kupinga. Tangu hapo kina maua upande mmoja na dodo upande wa pili. Tumeshachuma mara tatu, na mama akipiga simu huuliza kinu kabla hajauliza wajukuu.