Chai si pilau

Shemeji yangu aliniletea pakiti ya viungo vya chai kutoka soko la Darajani, Unguja, ile ya kijikapu cha ukili wanayouziwa wageni wakitoka kutembezwa mashamba ya viungo Kizimbani. Nikaigeuza nyuma nisome: iliki, tangawizi, mdalasini, karafuu, kungumanga, pilipili manga, mchaichai. Saba! Nikatia kijiko kimoja kwenye chai ya watu wanne. Watoto wakapiga funda moja moja, kisha yule mdogo akaniuliza, "Baba, hii dawa ya nini?"

Hakukosea. Ile ilikuwa dawa.

Siku hizi kila nikikaribishwa chai ya viungo nakuta mtu ametia kila kilichomo kabatini, kisha anakutazama usoni akingoja umsifu. Na ukimuuliza kwa nini kungumanga, anakwambia sisi ndio watu wa viungo bwana. Sawa, ni watu wa viungo. Lakini fundi seremala naye ana misumari debe zima, na hajaigonga yote kwenye kigoda kimoja.

Mie ni Mpemba wa Wete, na karafuu siisimuliwi. Msimu ukifika tulizianika mbele ya nyumba kwenye majamvi, na wingu likijikusanya mtu alikimbilia jamvi kwanza, nguo zake kambani baadaye. Kule Wawi, karibu na Chake, kipo kiwanda kinachotoa mafuta kwenye makonyo, yale tunayobakia nayo tukishachambua karafuu. Mafuta hayo yana kitu kiitwacho yujenoli, na madaktari wa meno wanakitumia kutuliza maumivu kwa sababu kinatia ganzi. Bibi yangu jina hilo hakulijua. Jino likikuuma alikupa karafuu moja uibane pale pale penye tundu, ukakaa kimya. Sasa weye umetupia karafuu kumi kwenye sufuria ya chai. Ulimi umeshakufa ganzi, utaonja nini tena? Moja kwa sufuria nzima inatosha, na mie hata hiyo moja situmii.

Chai ya maziwa inataka tangawizi na iliki. Mdalasini, kijiti kisichozidi kidole cha mtoto, nauruhusu siku ya baridi au mgeni akiupenda. Basi. Vyengine vina kazi zao kwengine, na ile pakiti ya shemeji ilikwisha kwenye pilau.

Tena tusijigambe sana. Majani ya chai yanatoka bara, Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Hapa visiwani hatulimi chai. Iliki nyingi tunayonunua nayo inavuka bahari, kutoka milima ya Usambara na Uluguru. Maziwa nayo, nyumba nyingi ni ya unga ya kopo. Chetu hasa mle ndani ni tangawizi na maneno mengi. Lakini kunywa tunajua, hilo sikatai. Ukiulizwa asubuhi "ushakunywa chai?" anayekuuliza anataka kujua kama umekula, hata kama ulichokula ni muhogo na papa.

Sasa niseme la aibu. Nilioa Unguja, na mwaka ule wa kwanza mama mkwe alikuja kututembelea na dada zake wawili. Mke wangu akatoka kwenda kununua mkate wa ufuta, mie nikajitia ushujaa: chai napika mimi. Nikatwaa maziwa ya ng'ombe, mabichi, yaliyoletwa asubuhi ile kwa baiskeli. Nikakuna tangawizi, kipande cha kutosha, nikaikamulia mle mle kwenye maziwa baridi. Nikateleka, moto mdogo, nikidhani ndio uangalifu wenyewe. Nilipofunua mfuniko niliona mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya kijani kijani. Maziwa yamekatika.

Nilichofanya kwanza ni kumpigia simu muuza maziwa na kumgombeza. Alijitetea, nikamkatia simu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Akaja, akachungulia sufuria, akauliza pole pole, "Mwanangu, tangawizi umeitia saa ngapi?"

Yule muuza maziwa, mwana wa watu, hakuwa na kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, na maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka, nyuzi 60 hadi 70 hivi, ndipo kinapofanya kazi yake vizuri. Wachina wa Guangdong wanalijua hilo na wanalitumia makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda laini, wakayala kwa kijiko kama kitamutamu. Mie nilipata kitu hicho hicho bila kukitaka, tena mbele ya wakwe. Ukiichemsha tangawizi kwanza kwenye maji, yakatokota barabara, kile kimeng'enya kinakufa na ukali wa tangawizi unabaki. Ndiyo maana wazee wetu wote walianza na maji. Nilikuwa nikidhani ni kubana matumizi ya maziwa.

Basi nafanya hivi. Vikombe viwili vya maji, tangawizi ya ukubwa wa dole gumba iliyopondwa kinuni. Kuikuna si lazima. Natupia na maganda ya iliki, punje zake naziweka kando. Yakishatokota dakika tano hivi natia majani ya chai, vijiko viwili vidogo, nayapa dakika mbili tu. Yakizidi hapo ukakasi unakushika kooni, na watu wakionja ukakasi wanaongeza sukari, na sukari haiondoi ukakasi. Ndipo naingiza maziwa, vikombe viwili. Hapo simama. Usende kujibu simu, usende dukani. Maziwa yanangoja ugeuze kisogo tu yafoke, na kusugua jiko la gesi lililofokewa ni kazi ya siku nzima. Yakipanda nayashusha moto, yakipanda tena nashusha tena, huku nikichota kwa upawa na kumimina kutoka juu mpaka rangi igeuke, iwe ya udongo mwekundu uliolowa.

Punje za iliki zinaingia mwisho kabisa. Nazitwanga wakati ule ule, nazitia, nazima moto, nafunika. Harufu ya iliki inaruka na mvuke. Ukiitia mwanzo ukaichemsha robo saa, jikoni kutanukia, jirani atanusa, kikombeni hamna kitu. Na ya unga iliyokaa dukani tangu Ramadhani iliyopita afadhali usinunue.

Wenye maziwa ya unga, yavurugeni kwanza na maji ya vuguvugu kwenye bakuli. Ukiyamwaga makavu kwenye chai inayochemka utakunywa madonge.

Limebaki la sukari, na hapa nagombana na shangazi yangu wa Wete mpaka leo. Yeye hutia sukari sufuriani, kwa mkono, bila kupima. Mgeni hana kauli. Mie nasema iwekwe mezani kila mtu ajitilie, maana nyumba nyingi sasa zina mtu wa kisukari na huwezi kumtolea mwenzio sukari iliyoshayeyuka. Nilimwambia hivyo Idi iliyopita. Akanitazama, akafunga chupa ya chai kwa nguvu, akasema, "Chai isiyotiwa sukari jikoni ni maji ya kukandia mguu."

Akanimiminia kikombe. Tamu mpaka meno yalisisimka. Nikanywa, akaniongeza.