Yule golikipa hakupenda kudaka

Karibu msimu mzima tulijua tuna golikipa. Mtoto wa darasa la sita, mwembamba, mkimya, kila siku ya mazoezi pale Uyole anakimbilia golini kabla kocha hajapanga timu. Nilimsifia kwa mama yake: mwanao ana moyo, wenzake wote wanagombea namba tisa. Mama akacheka kidogo. "Kaka yangu, yule hapendi kudaka. Golini ndiko anakoweza kucheza na raba asikanyagwe."

Hakuwa na njumu. Raba zenyewe ni za shule, zimeshonwa ubavuni mara mbili kwa uzi mweusi, soli ya kulia inafunguka mdomo kila akiruka. Miezi mitano mtoto wa miaka 12 amejificha kati ya milingoti miwili, na sisi watu wazima tunakaa pembeni tunaita kipaji.

Tukizungumzia gharama za michezo ya watoto hapa Mbeya, maneno huanzia kwenye ada na kuishia hapo hapo. Sh 10,000 kwa mwezi, nani atashindwa? Mimi nasema ada haimtoi mtoto uwanjani. Kinachomtoa ni vile vya kushtukiza. Ijumaa jioni simu inalia, grupu la wazazi: kesho tuna mechi Tukuyu, nauli 5,000, chakula 2,000, jezi 15,000, mwisho leo saa mbili usiku. Dakika kumi baadaye inakuja orodha ya majina, waliolipa wamewekewa alama ya tiki. Asiye na hela anaisoma na kunyamaza, na Jumamosi asubuhi mtoto wake anaumwa tumbo. Timu yetu imewahi kuumwa matumbo matatu kwa mpigo, yote siku ya safari.

Na huku kwetu pesa ina msimu. Mkulima wa mahindi anashika hela ya maana akishavuna, katikati ya mwaka na kuendelea. Wa mpunga kule Kyela na Mbarali naye hivyo hivyo. Januari hadi Machi ghala linaelekea kukauka, mbolea ya kukuzia inadai, sare na madaftari vimeshakomba kilichobaki. Miezi hiyo hiyo ndiyo vituo vingi vya soka la watoto ninavyovijua vinaandikisha watoto upya na kudai jezi mpya. Aliyepanga kalenda hiyo sidhani kama amewahi kulima hata tuta moja la viazi. Dereva wa bodaboda naye ana yake: kila jioni anapeleka hesabu kwa bosi, kinachobaki ndicho kinachopikwa. Huyo mwambie alete 500 kila siku ya mazoezi, ataleta. Mwambie 15,000 kwa mkupuo, hutamwona tena.

Kwa hiyo tuliacha kuwauliza wazazi wana kiasi gani, tukawauliza wanapata lini. Mweka hazina ana daftari, analiona yeye peke yake. Wapo wanaolipa kila wiki, wapo wanaolipa yote Agosti wakishauza mahindi, na wapo wanaoleta debe la viazi siku ya bonanza, tunapika, tunakula. Orodha ya tiki imefutwa kwenye grupu. Je, wapo waliotumia mwanya huo? Wapo wawili, mmoja ana gari. Tumemstahi, maana kumwumbua yeye kungewarudisha wengine kwenye kuumwa matumbo.

Njumu tulizitafutia sanduku. Za mtumba kutoka soko la Sido, nyingine zimepitia kwa fundi, kila moja namba yake imeandikwa kwa wino ulimini. Kikimbana mtoto anarudisha, anachukua kikubwa. Sharti moja ndilo lililoleta kelele: wote wanachukua sandukuni, hata mwenye zake, na zake zinaingia humo humo. Mwanangu alinuna wiki nzima kuona njumu zake za bluu miguuni kwa mwingine. Nilimwonea huruma, lakini sikulegeza. Sanduku likiwa la wasio nacho tu, hakuna mtoto atakayelisogelea.

Haya ni ya wazazi 20 na kocha mmoja mwenye subira, na sitaki yawe kisingizio cha serikali kukunja mikono. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji ilikuwa Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Toa vitabu, chaki, ukarabati na mitihani, halafu niambie mpira unanunuliwa na shilingi ipi. Ndiyo maana UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia, mwalimu wa michezo anageuka ombaomba wa kata nzima. Na msiniambie jiji haliwezi kugharamia mpira. Mbeya City ilikuwa timu ya halmashauri, na msimu wa 2013/14, wa kwanza kwake Ligi Kuu, ilimaliza nafasi ya 3. Tulijaa uwanja wa Sokoine na jezi zetu za zambarau, na sikumbuki yeyote aliyelalamika kwamba fedha ya umma imeingia kwenye mpira. Sehemu ndogo tu ya moyo ule ingenunua mipira miwili kwa kila shule ya msingi ya jiji na kumlipia mwalimu nauli ya kupeleka watoto kwenye mechi za kata.

Yule mtoto alichukua njumu namba 38, ya kushoto ina kiraka kidoleni. Siku hiyo hiyo alimwomba kocha acheze winga ya kulia. Ana mbio kuliko tulivyodhani, krosi zake bado zinaishia kwenye mahindi ya jirani, na bao hajafunga hata moja. Golini sasa tunapeana zamu, na Jumamosi iliyopita tulifungwa manne.