Bloku za Russell ziko wapi?

Mwandishi, umeandika kwamba Wilt Chamberlain na Bill Russell, majitu ya kikapu ya miaka ya 1960, wasingefua dafu mbele ya nyota wa leo Victor Wembanyama na Nikola Jokić, na ushahidi wako ni jedwali la takwimu tu. Hilo jedwali lina pengo kubwa. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilianza kuhesabu bloku (mitupo iliyozuiwa) rasmi msimu wa 1973-74. Russell alistaafu 1969 akiwa na mataji 11 katika misimu 13, na kazi iliyompa jina, ya kuzuia mitupo, haimo kwenye rekodi rasmi hata moja. Sasa unamlinganisha na nani, kwa kipimo kipi?

Wilt naye, msimu wa 1961-62 alikuwa na wastani wa pointi 50.4 na dakika 48.5 kwa mechi, wakati mechi yenyewe ni dakika 48! Muda wa nyongeza ndio uliozidisha. Nakubali ligi ilikuwa na timu 9 tu na mchezo ulikwenda mbio, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) zilikuwa tele. Lakini timu 9 maana yake pia ulikutana na Russell kila mara, timu dhaifu za kupumzikia zilikuwa chache.

Na hilo la kuwalinganisha wachezaji wa zamani na wa leo kwa mitupo ya mbali ndilo halifai kabisa. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA 1979. Larry Bird mwaka wake wa kwanza alifunga mitupo 58 ya pointi tatu, Stephen Curry msimu wa 2015-16 akafunga 402. Bird alikuwa mtupaji hodari, ila makocha wa enzi zake hawakuutaka mtupo ule.

Kama ni lazima nichague, namchukua Russell.